Siku Tisini za Shangazi: Safari ya Lodwar na Kakuma



Ndugu wasomaji, zamani, kabla ya pasipoti na mihuri, ruhusa ya mgeni katika pwani yetu ilitolewa na upepo. Majahazi ya Arabuni yaliingia Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, na mabaharia wakakaa na wenyeji wao mpaka upepo ugeuke. Kusi ilipoanza kuvuma walitweka matanga wakarudi kwao. Aliyechelewa kutweka alijua kwamba atangoja mwaka mzima, na hapana aliyemlaumu isipokuwa nafsi yake.

Siku hizi wageni wetu huja kwa ndege, lakini wengi bado huja majira yale yale ya kaskazi, wakikimbia baridi ya Ulaya na Canada. Wengine huja kwa juma moja la harusi. Wengine, hasa waliostaafu, huja kwa miezi, wakitaka kukaa na wazee, kuzuru makaburi, na wakijaaliwa kuipokea Ramadhani pamoja nasi. Hao ndio tunaowaandikia leo, wao na wenyeji wao, kwa sababu ya jambo lililotufika Turkana mwezi uliopita, ambalo nusura liiharibu safari tuliyoingoja kwa miaka mingi.

Shangazi yetu alizaliwa Mombasa, akaolewa, na mwaka 1995 akamfuata mumewe Uingereza. Huko alichukua uraia wa nchi ile, na kwa sheria ya Kenya ya wakati ule, aliyechukua uraia wa pili aliupoteza wa kwanza. Kwa hiyo kila anapokuja kwao huingia kama mtalii. Safari hii aliingia tarehe 20 Novemba, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe 20 Februari. Miezi mitatu kamili, alisema, na siku za mwanzo za Ramadhani atazifunga nyumbani, inshallah.

Alikuwa na haja moja aliyoiweka moyoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitaka kwenda Kakuma kumwona shoga yake.

Tulitoka Mombasa watano: Shangazi, kaka yetu mkubwa na mkewe, na sisi wawili wadogo zao. Reli ilitufikisha Nairobi, basi likatufikisha Kitale, na kutoka hapo tuliondoka alfajiri, kwa kuwa wenyeji wa njia ile walitunasihi kusafiri mchana. Kitale ni nchi ya mahindi na ukungu. Ukishaipita Kapenguria, barabara huanza kuteremka mlimani kuelekea Marich, na kila pembe unayopinda joto huongezeka. Kainuk ndipo unapoingia Turkana. Baada ya hapo ni miiba, mchanga, mito mikavu, na ngamia wanaolivuka lami bila kuharakishwa na honi ya mtu yeyote. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni yapata kilomita 300, na katika mwendo huo tulihisi tumevuka nchi mbili.

Joto la Lodwar si kama letu. La Mombasa hukulowesha, la Lodwar hukukausha. Nguo tuliyoifua magharibi ilikuwa tayari kuvaliwa kabla ya isha. Mji umekaa baina ya vilima vya mawe meusi na Mto Turkwel, na kandokando ya mto kuna mikoma. Tuliiona tukafurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, kwani mikoma ni miti ya kwetu pia. Akina mama wa Kiturkana husuka vikapu kwa makuti yake, kama bibi zetu walivyosuka mikeka na vikapu kwa miyaa. Mke wa kaka yetu alikaa na mmoja wao sokoni kwa saa nzima. Hawakuwa na maneno mengi ya kushirikiana, lakini vidole vyao vilielewana.

Jambo lenyewe lilitokea jioni ile ya kwanza, katika nyumba ya wageni. Sisi wengine tulitoa vitambulisho, Shangazi akatoa pasipoti. Binti wa mapokezi aliandika namba katika daftari, akafungua ukurasa wenye muhuri, akahesabu kwa vidole, kisha akauliza kwa adabu: "Mama, hapa wamekuandikia siku tisini. Si zinaisha tarehe kumi na saba?"

Shangazi alitabasamu, akamwambia kwamba ana miezi mitatu, hadi tarehe 20. Binti hakubishana naye. Alichukua kalenda ya ukutani akaiweka mezani. Novemba, tangu tarehe 20, siku 11. Desemba 31, zikawa 42. Januari 31, zikawa 73. Zilizobaki kutimiza 90 ni 17. Tulihesabu tena, tukahesabu mara ya tatu, na hesabu haikubadilika. Tiketi ya Shangazi ilikuwa siku tatu nje ya ruhusa yake.

Hapa tusimame kidogo, tuieleze kanuni, kwa maana tulipowauliza jamaa kwa simu usiku ule tuligundua kwamba wengi wao hawaijui.

Tangu Januari 2024, Kenya imeacha kuwadai wageni viza, na mahali pake imeweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya kuondoka. Ada iliyotangazwa ilipoanza ilikuwa dola 30 za Marekani. Wengi huidhania idhini hii kuwa ndiyo ruhusa ya kukaa. Sivyo. Idhini ni ya kukufikisha mlangoni. Ruhusa ya kukaa hutolewa na afisa wa uhamiaji pale unapoingia, naye huiandika kwa muhuri katika pasipoti yako. Kwa mtalii aghalabu huwa siku zisizozidi 90. Si miezi mitatu. Miezi mitatu ya kalenda ya kizungu huweza kuwa siku 92, na mbili hizo ndizo zinazomtia mtu makosani. Kaka yetu alisema kwa utani kwamba Shangazi angehesabu kwa mwezi mwandamo angesalimika, maana miezi mitatu ya Kiislamu haizidi siku 90 kamwe. Shangazi hakucheka. Alikuwa akiutazama muhuri.

Kukaa baada ya siku kwisha ni kosa kisheria, na haidhuru kama ni kwa siku moja au kwa mwaka. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango wazi: mtalii anayetaka kukaa zaidi anaweza kuomba aongezewe, na kwa jumla akafikisha miezi sita. Sharti ni kwamba aombe kabla muda wake haujaisha. Maombi huanzia kwenye mtandao, katika mfumo wa huduma za wageni wa Idara ya Uhamiaji, na baadaye pasipoti hupelekwa ofisini kupigwa muhuri mpya.

Tulikuwa tarehe 8 Februari. Siku tisa zilikuwa zimebaki, na kwa mtu aliye Mombasa hizo ni nyingi. Kwa mtu aliye Lodwar, ambaye ana siku tatu za njia kurudi, na bado hajafika alikokusudia, zilikuwa chache. Na tulikuwa na ruhusa nyingine tuliyoingoja. Kambi ya Kakuma haiingiwi kama soko. Mgeni anatakiwa kuwa na kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Tulikuwa tumekwisha kuomba tangu Mombasa, na jibu lilikuwa bado.

Usiku ule tulikaa uani chini ya nyota, ambazo Lodwar huonekana karibu mno kana kwamba zimeteremka kwa ajili ya joto. Kaka alishauri turudi kesho yake, tuongeze siku kwanza, na Kakuma tuje mwaka mwingine. Lilikuwa shauri la busara. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwaka mwingine mimi nitakuwa na miaka sabini na moja, na yeye ni mkubwa kwangu. Tungoje kibali hadi keshokutwa. Kisipokuja, tutarudi."

Asubuhi tulikwenda kwenye duka la intaneti, lile waliitalo saiba, na kijana mwenye subira akatusaidia kujaza maombi ya kuongeza siku: nakala ya ukurasa wa picha, nakala ya muhuri wa kuingia, picha ndogo, na sababu ya kutaka kukaa. Kijana aliuliza aandike sababu gani. Shangazi akamwambia aandike ukweli, kwamba anataka kufunga Ramadhani na ndugu zake hadi Idi. Ada ililipwa, risiti ikatoka, tukaiweka pamoja na pasipoti.

Katika kungoja huko ndipo tulipojikuta tukiuliza suala la swala. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa msafiri, akaswali kamili. Lakini aliyefika kwa haja asiyojua itatimia lini, akitaraji kuondoka wakati wowote ikitimia, ana ruhusa ya kupunguza hadi siku 18. Tulilizungumza hilo na mzee mmoja baada ya adhuhuri msikitini Lodwar, mfanyabiashara aliyeishi mji ule miaka mingi, naye akatuthibitishia. Shangazi alipoelezwa alisema: "Basi sheria ya Mwenyezi Mungu ilikwisha kumjua mtu anayengoja kibali."

Neno lile lilitufanya tuitazame Turkana kwa jicho jingine, kwani ni nchi iliyovijua vibali tangu zamani. Katika enzi ya ukoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia pasipo ruhusa ya serikali, na mwenyeji naye hakutoka kwa uhuru. Kwa sababu ya umbali huo ndiyo maana Waingereza walimleta huku Jomo Kenyatta: kwanza gerezani Lokitaung, kisha mwaka 1959 wakamhamishia Lodwar, ambako aliishi akizuiwa kutoka hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Alikuwa katika nchi yake mwenyewe, na siku za kukaa kwake zikiamuliwa na mwingine. Hata baada ya uhuru wazee wa kaskazini waliendelea kusema, wakishuka kuelekea Kitale, kwamba wanakwenda Kenya.

Lakini nchi hiyo hiyo ina tamasha kubwa la utamaduni ambalo kaunti huliandaa, na jina lake ni Tobong'u Lore, maana yake rudi nyumbani. Tulilipenda jina hilo.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, kibali kilikuja. Kilikuwa cha siku moja.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni yapata kilomita 120 katika barabara kuu iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Zamani ilikuwa mashimo matupu, sasa lami imetandikwa. Njiani tulizungumza juu ya jina la Kakuma. Tumesoma mara nyingi katika maandishi ya wageni kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Sisi ambao Kiswahili ni lugha ya mama zetu hatujapata kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo, wala halimo katika lugha yetu. Kakuma ni mahali penye wenyewe, Waturkana waliokuwa wakinywesha mifugo katika Mto Tarach kabla ya turubai la kwanza kusimamishwa.

Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu wakikimbia vita. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Mwaka 2016 ukafunguliwa makazi ya Kalobeyei pembeni yake, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Leo wanaoishi pale ni zaidi ya robo milioni. Kuna mitaa, maduka, shule, misikiti na makanisa. Wakimbiaji watano wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ile ya Rio mwaka 2016, walitoka katika kambi hii.

Wasomaji wetu wazee hawatahitaji kukumbushwa jinsi Kakuma ilivyofungamana na pwani. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, majahazi yaliwaleta Mombasa watu wa Barawa, wa Mogadishu na wa visiwa vya Wabajuni, watu wa dini yetu na wengi wao wa lugha yetu. Walikaa katika kambi za Utange, Benadir, Jomvu na nyinginezo, wakaswali nasi, wakauza nasi sokoni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi hizo zilifungwa. Baadhi yao walirudi makwao, baadhi walipelekwa Marekani, na baadhi walipakiwa kwenye magari wakaletwa huku, kutoka baharini hadi jangwani.

Shoga yake Shangazi ni mmoja wao. Alikuwa akija nyumbani kwa bibi yetu kuuza kofia alizozishona kwa mkono, kazi ambayo watu wa Barawa wana sifa nayo, na Shangazi, aliyekuwa bado hajasafiri, akakaa naye barazani akijifunza mishono. Shangazi alikwenda Uingereza. Alipopata kurudi kwa mara ya kwanza, kambi haikuwapo, na shoga yake hakuwapo. Miaka mingi ikapita kabla jamaa mmoja wa Marekani hajawaunganisha kwa simu.

Hatutaeleza walivyokutana. Kuna mambo ambayo ni ya wenyewe. Tutasema tu kwamba sisi wengine tulitoka nje kwa muda, na tulipoitwa tulikuta mkate wa mofa umekwisha kumegwa na chai imemiminwa, na wazee wawili wamekaa mkekani wakicheka kwa jambo la mwaka 1993. Bibi yule huzungumza Kiswahili cha Barawa, ambacho wenyewe hukiita Chimiini. Pale tusemapo ki-, wao husema chi-, na baadhi ya maneno yake yalitukumbusha usemi wa mabibi zetu.

Katikati ya mazungumzo aliuliza: "Shoga, wamekupa siku ngapi?"

"Tisini," Shangazi akamjibu. "Na nimekwisha kuomba nyingine."

Bibi yule aliitikia kwa kichwa, akamwongezea chai. "Sisi walituambia tunahamishwa kwa muda," akasema. "Siku hawakuandika."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini tulipokuwa tukimsikiliza alipoeleza maisha yake, tulianza kuona uzito wa neno hilo. Akitaka kwenda kwa tabibu nje ya kambi, ni lazima kwanza aombe kibali cha kutoka. Wanawe wawili wako Marekani. Yeye mwenyewe faili lake lilikuwa likisogea, hadi Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na faili likasimama. Mwaka huo huo mgao wa chakula ulipunguzwa sana. Amesikia habari za Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali Machi 2025, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida, na za Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliyotangulia. Anaomba dua liwe la kheri. Asubuhi huwafundisha mabinti wa mtaani Qur'ani. Mchana, macho yanapomruhusu, hushona.

Saa kumi dereva alituita. Bibi yule akafungua sanduku akatoa kofia mbili. Moja ilikuwa imekamilika, akampa kaka yetu. Ya pili ilikuwa nusu, na sindano bado imo. Akamkabidhi Shangazi, akamwambia: "Una siku za kuongezwa. Imalizie."

Njia ya kurudi hatukusimama popote ila kwa swala na mafuta. Tuliingia Mombasa Jumamosi tarehe 14 usiku. Jumapili ofisi hazifunguliwi. Jumatatu asubuhi Shangazi alikuwa mlangoni kabla ya bawabu, na risiti ya Lodwar mkononi. Alhamdulillah, alitoka na muhuri mpya siku moja kabla ya ule wa zamani kwisha. Tiketi ilibadilishwa. Gharama yake ilikuwa nzito kuliko ada ya kuongeza siku, na hilo nalo ni funzo.

Ndugu wasomaji, tumeyapata mafunzo haya kwa jasho, basi tuwape ninyi kwa wepesi.

Mgeni wako akifika, kabla hujamwonyesha chumba chake, mwombe pasipoti mtazame muhuri pamoja. Hesabuni siku moja moja kwenye kalenda, mkianzia na siku ya kuingia, mwandike tarehe ya mwisho mahali panapoonekana na kila mtu. Tarehe ya tiketi isiaminiwe mpaka ilinganishwe na hiyo. Kama anataka kukaa zaidi, aombe angalau majuma mawili kabla, wala asiwe safarini mbali na ofisi katika juma la mwisho, kama tulivyokuwa sisi. Na akumbuke kwamba ruhusa ya utalii ni ya kutembea na kuona jamaa. Haimruhusu kufanya kazi ya mshahara wala biashara.

Anayetaka kuunganisha nchi jirani katika likizo moja aijue viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014. Ada yake ni dola 100, muda wake siku 90, nayo humruhusu mtalii kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Kwa hiyo jamaa anayetaka kuvuka kwenda Tanga au Unguja atahitaji ruhusa ya Tanzania peke yake, na asidhani kwamba ataweza kurudi Kenya kwa viza ile ile.

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili. Wengi wa wanaoingia kwetu kama watalii hawakupaswa kuwa watalii. Katiba ya mwaka 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili. Mkenya wa kuzaliwa anayechukua uraia wa nchi nyingine sasa haupotezi wa kwanza, na aliyeupoteza zamani ana haki ya kuurejesha kwa kuomba. Tena mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi ambaye ni raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa, kokote alikozaliwa. Shangazi alikuwa na haki hiyo kwa miaka zaidi ya kumi, akaiahirisha kila mwaka kwa kuwa siku 90 zilimtosha. Sasa cheti chake cha kuzaliwa kimetafutwa na maombi yanaandaliwa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na akamkataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuyatumia maneno hayo kumkumbusha mgeni asipitilize. Tangu turudi Kakuma tumekuwa tukijiuliza juu ya upande wa pili, upande wa mwenyeji, na juu ya wageni waliotufikia kwa jahazi, wakaswali katika safu zetu, na ambao sisi wa pwani hatukuuliza walikopelekwa. Baadhi yao wangali hai. Kuna simu, na kuna njia ya lami. Anayewakumbuka majirani wake wa Utange au Jomvu aanze kwa kuwatafuta, na anayetaka kuwazuru aombe kibali mapema kuliko tulivyoomba sisi.

Ramadhani imeingia, na Shangazi yupo. Kila siku baada ya alasiri hukaa barazani na miwani yake, akishona. Kazi ya shoga yake na kazi yake zinatofautiana, na mahali zinapokutana panaonekana, hakutaka kupaficha. Akijaaliwa kuimaliza, kaka yetu ameahidi kuivaa yeye siku ya Idi, na ile iliyokamilika tutaihifadhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wote walio safarini, awafungulie milango wote wanaongoja, na atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.